Kahawa Ilitoka Wapi, na Ilifikaje Kwetu



Mmezoea kutuona sisi watu wa hesabu kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, pale penye mapato, matumizi na orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa. Mwaka huu kamati imetuomba tuandike jambo la historia, nasi tumekubali kwa sababu ya jambo lililotukuta Krismasi iliyopita. Tulikuwa barazani kwa mzee mmoja, na mama mwenye nyumba akatuletea akamwani katika kikapu kidogo kama ilivyo desturi. Kijana wa darasa la saba akaulizwa kwa utani, "Haya mwanafunzi, kahawa ilitoka wapi?" Akajibu bila kusita: "Ililetwa na Wazungu." Tulikuwepo watu wazima watano, watatu kati yetu wenye shahada, na hakuna aliyemsahihisha. Tuliendelea kutafuna.

Nyuma ya nyumba ile nusu ya mibuni ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake pamepandwa mikaratusi. Mzee hakuona haya kutueleza sababu. Kahawa, alisema, ni kitu cha Wazungu, na Wazungu wakishaacha kukilipia hakina kazi. Tuliporudi Dar es Salaam tukaona tusome kidogo kabla ya kumjibu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Dunia inakunywa hasa kahawa za aina mbili, arabika na robusta. Kwao arabika ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, maeneo ya Kaffa na jirani zake, ambako mpaka leo miti yake huota yenyewe chini ya kivuli cha miti mikubwa. Robusta ina eneo pana zaidi. Inaota mwituni kuanzia Afrika Magharibi, ikipita misitu ya Kongo, hadi Uganda na upande wetu wa Ziwa Viktoria. Halafu wanasayansi waliochunguza chembe za urithi wameonyesha jambo ambalo lingewafurahisha babu zetu: arabika ilizaliwa porini, zamani sana, kwa robusta kuchanganyika na aina nyingine ya Afrika iitwayo eugenioides, ambayo nayo huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44 na wazazi wake wana 22 kila mmoja. Kwa hiyo hiyo arabika inayouzwa ghali kwenye maduka ya Ulaya, huku robusta ikiitwa kahawa ya daraja la pili, ni mtoto wa robusta.

Wengi mmesikia hadithi ya Kaldi, mchunga mbuzi wa Ethiopia aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu. Ni hadithi nzuri, lakini aliyeiandika kwanza ni msomi aitwaye Faustus Nairon, akiwa Roma, mwaka 1671, wakati watu wa Cairo na Istanbul walikuwa wamekwisha kunywa kahawa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wahasibu wenzetu wanaijua hati ya namna hiyo. Ni risiti iliyoandikwa baada ya mkaguzi kupiga hodi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, nchini Yemen, katika miaka ya 1400. Huko masufi walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri zao za usiku. Mwandishi al-Jaziri, aliyekusanya habari hizi mwaka 1587, anamtaja al-Dhabhani, mwanachuoni wa Aden, kuwa miongoni mwa waliokieneza kinywaji hicho. Waarabu walikiita qahwa, na punje zenyewe wakaziita bunn, neno linalokaribiana na buna la Ethiopia. Kiswahili kilichukua yote mawili. Tunasema kahawa tukimaanisha kinywaji, tunasema buni na mbuni tukimaanisha punje na mti wake. Pwani yetu waliipata kahawa kwa njia hiyo, pamoja na dele la shaba, vikombe visivyo na mkono na kashata pembeni, muda mrefu kabla ya Mjerumani yeyote kupanda mche. Muuza kahawa anayepita Kariakoo jioni akigonganisha vikombe vyake ni mrithi wa Aden kuliko wa Hamburg.

Tangu mwanzo kahawa iliwatia hofu wakubwa. Mwaka 1511 ofisa wa Makka aitwaye Khair Beg aliipiga marufuku, akachoma magunia hadharani, maana watu walikutana wakinywa na wakikutana wanazungumza. Wakubwa wake wa Cairo walikuwa wanywaji wenyewe, wakaibatilisha amri. Katikati ya miaka ya 1550 nyumba za kahawa zilifunguliwa Istanbul. London ikapata ya kwanza mwaka 1652. Mwaka 1675 mfalme Charles II alitoa tangazo la kuzifunga zote, kwa kuwa ndimo alimokuwa akisengenywa, na siku chache baadaye akalifuta kwa jinsi watu walivyokasirika.

Hapa mturuhusu sisi wa hesabu tukae kidogo. Katika nyumba hizo za London wafanyabiashara hawakunywa tu. Kwa Edward Lloyd walikutana manahodha na wenye meli, wakagawana hatari ya safari kwa kutia saini chini ya mkataba, na kutoka meza zile ikazaliwa Lloyd's, soko la bima linalojulikana dunia nzima. Kwa Jonathan waliuziana hisa, na huko ndiko soko la hisa la London linakotajia asili yake. Kijiwe cha kahawa kilikuwa ofisi. Watu wetu wanaokaa kijiweni asubuhi nzima hawajafungua kampuni ya bima bado, lakini tusiwadharau.

Yemen ilifaidi biashara hii peke yake kwa muda mrefu, kupitia bandari ya Mukha. Inasimuliwa kwamba punje zilichemshwa au kukaangwa kidogo kabla ya kupakiwa, zisije zikaota nchi nyingine. Lakini mbegu haina mpaka. Wahindi husimulia habari za Baba Budan, sufi aliyerudi kutoka hija na mbegu saba alizozificha mwilini, akazipanda katika milima ya Chikmagalur. Waholanzi walichukua miche kutoka India hadi Java miaka ya 1690. Mwaka 1706 mche mmoja wa Java ukafikishwa kwenye bustani ya mimea ya Amsterdam, ukatunzwa kama mgonjwa ndani ya nyumba ya vioo, ukazaa. Mwaka 1714 meya wa Amsterdam alimpa mfalme Louis XIV wa Ufaransa mche uliotokana na huo. Karibu na 1723 ofisa wa jeshi, Gabriel de Clieu, akabeba mche hadi kisiwa cha Martinique. Mwenyewe aliandika kwamba maji yalipopungua melini aligawana nao posho yake. Mwaka 1727 Francisco de Melo Palheta akaingiza mbegu Brazili kutoka Guyana ya Wafaransa. Inasemekana alizipata ndani ya shada la maua alilopewa na mke wa gavana.

Ukisoma mfululizo huu kwa jicho la mkaguzi, unaona kitu. Sehemu kubwa ya kahawa ya Amerika ilitokana na miche michache mno. Mtaji mkubwa umejengwa juu ya msingi mwembamba, na gharama yake ililipwa na watu wengine baadaye, kama tutakavyoona.

Kuna gharama nyingine iliyolipwa mapema zaidi, na haitajwi kwenye pakiti za kahawa. Mibuni ya Karibi na Brazili haikulimwa na Wafaransa na Wareno. Ililimwa na Waafrika waliouzwa. Katika miaka ya 1780 koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilitoa takriban nusu ya kahawa ya biashara ya dunia, na karibu yote kwa jasho la watumwa. Mwaka 1791 watumwa wale waliasi na mashamba yakateketea. Biashara ikahamia kwingine, hasa Brazili, na Brazili iliendelea kutumia watumwa mashambani hadi 1888. Mti ulitoka Afrika ukapelekwa Amerika, kisha watu wakatolewa Afrika kwenda kuulima. Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tulifunga kitabu jioni ile.

Java nako hali haikuwa njema. Kuanzia 1830 Waholanzi waliwalazimisha wakulima kutenga sehemu ya ardhi na nguvu zao kwa mazao ya serikali, kahawa ikiwa mojawapo, kwa bei iliyopangwa na serikali. Ofisa mmoja wa Kiholanzi, Eduard Douwes Dekker, aliyaandika maovu hayo mwaka 1860 katika riwaya iitwayo Max Havelaar. Mwaka 1988 nembo ya biashara ya haki ilianzishwa Uholanzi ikapewa jina hilohilo. Wale waliowahi kufanya kazi katika chama chetu kikuu cha ushirika, KCU, wanalikumbuka jina hilo, kwa sababu katika miaka ya 1990 kahawa yetu ilikuwa miongoni mwa zilizouzwa kwa utaratibu huo.

Mwaka 1869 ndipo deni la ule msingi mwembamba lilipodaiwa. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, ugonjwa wa kutu ya majani uliingia mashamba ya arabika, na katika miaka isiyofika ishirini ukayamaliza. Wakulima waling'oa mibuni wakapanda chai, na sifa ya Ceylon tangu hapo ikawa chai. Ugonjwa ukafika Java. Hapo ndipo Wazungu walipoikumbuka ile kahawa ya misituni ya Afrika. Karibu na mwaka 1900 miche kutoka Kongo ilipelekwa Java kupitia Brussels, ikastahimili kutu, na ikapewa jina la robusta, yaani yenye nguvu. Nguvu hizo sisi tulikuwa tunazijua.

Sasa tumjibu yule kijana. Kwa arabika ya Kilimanjaro jibu lake ni sahihi kabisa. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua kahawa Yemen wakaipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mapadri wa Roho Mtakatifu walitoka kisiwa hicho wakaanzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakaja na kahawa hiyo, na kutoka huko ikafika Kilema mlimani. Kahawa ya jirani yetu wa kaskazini ilipitia Yemen na Bahari ya Hindi ndipo ikafika Moshi. Ni kama mtu wa Muleba anayekwenda Bukoba kwa kupitia Dodoma.

Kwetu ni habari nyingine. Robusta ya magharibi mwa Ziwa Viktoria haikuletwa na mmishonari wala na Mjerumani. Babu zetu hawakuikaanga wala kuinywa. Walichuma matunda kabla hayajaiva, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha na kuyafunga katika majani ya mgomba. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni hakukaribishwa kwa maneno matupu, aliwekewa akamwani mkononi. Walipofanya omukago, udugu wa damu, walichukua tunda moja lenye punje mbili zilizolala pamoja, kila mmoja akatia damu yake kwenye punje moja, na mwenzake akaimeza. Anayelijua tunda la kahawa anaelewa kwa nini walichagua hilo na si tunda lingine. Wazee husimulia pia kwamba si kila mtu aliruhusiwa kupanda mbuni. Ulikuwa mti wa heshima uliosimamiwa na Abakama, na biashara ya akamwani ilivuka falme.

Walicholeta Wazungu ni soko, pamoja na amri. Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliweza kuunganisha Bukoba na Mombasa, na kahawa ambayo ilikuwa ya heshima ikawa ya kodi. Kila kibanja kikapandwa mibuni katikati ya migomba. Waingereza nao walileta kanuni zao za namna ya kutunza shamba, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba wakazikataa waziwazi, kukawa na vurugu na watu wakakamatwa. Nyuma ya kanuni kulikuwa na swali la nani mwenye shamba na nani anapanga bei. Katika miaka hiyohiyo Klemens Kiiza na wenzake walijaribu kuwaunganisha wakulima wauze wenyewe bila kupitia kwa wachuuzi. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kikasimama.

Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tumelipiwa ada na kahawa ile. Bati la nyumba, baiskeli ya baba, sare ya shule, nauli ya kwanza ya kwenda Mwanza kwa meli, vyote vilitoka kwenye magunia ya maganda yaliyobebwa kichwani hadi chama cha msingi. Kiwanda cha kahawa ya unga cha Bukoba, TANICA, kilijengwa miaka ya 1960, na kopo lake bado lipo madukani.

Kuanguka kwenyewe mnakukumbuka, hatutakaa sana. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa dhaifu. Katikati ya hayo ikapita vita ya Kagera. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962 uliogawa mafungu ya kuuza ulivunjika Julai 1989, na bei ikaporomoka dunia nzima. Vietnam ikapanda robusta kwa kasi, ikawa ya pili duniani baada ya Brazili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko ukaingia robusta yetu, mti unakauka ukiwa umesimama na matunda yake. Tusisahau pia kwamba bei mbaya si jambo la kwetu peke yetu: kati ya 1931 na 1944 Brazili iliteketeza magunia yapatayo milioni 78 ili bei isizame zaidi.

Lakini mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani. Hapo ndipo yule mzee wetu alikuwa amekwisha kupanda mikaratusi.

Na hata aliyebaki na mibuni, mara nyingi bei ile haikumfikia, kwa sababu ya butura. Mnaijua. Kwa vijana waliozaliwa mjini, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Tuchukue mfano, tarakimu ni za kuelezea tu. Januari baba anahitaji shilingi 200,000 za mahitaji ya shule. Mchuuzi anampa papo hapo, kwa ahadi ya magunia ya maganda msimu ukifunguliwa. Juni magunia yale yangemletea kwenye chama cha msingi shilingi 500,000. Baba amekopa miezi mitano kwa riba ya asilimia 150. Hakuna benki nchini inayoweza kutoza hivyo, na hakuna mfanyakazi wa benki anayeweza kukubali mkopo huo kwa nafsi yake. Baba anaukubali kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani leo. Mmoja wetu sisi tunaoandika alisomeshwa kidato cha kwanza hadi cha nne kwa butura, na alikuja kupiga hesabu ya ada yake halisi akiwa mtu mzima ofisini.

Ndiyo maana fedha za harambee ya mwaka huu tumependekeza zigawanywe mara mbili. Fungu la kwanza ni kitalu cha miche ya robusta inayostahimili mnyauko. Kituo cha utafiti cha Maruku kinazalisha aina hizo, na kamati itafuata miche-mama huko. Fungu la pili ni mfuko wa mkopo wa Januari hadi Mei kwa kaya zenye watoto shuleni, utakaorejeshwa mkulima akishalipwa na chama cha msingi, kwa riba ndogo ya kulinda thamani ya fedha. Tumewekewa pingamizi na baadhi ya wajumbe kwamba watu hawatarejesha. Huenda wapo. Tunachojua ni kwamba wachuuzi wamekopesha watu haohao kwa miaka mingi na hawajafilisika.

Daftari la mfuko litakuwa wazi kwa mwanachama yeyote, na hesabu zake zitachapishwa hapa mwakani, kurasa zilezile za mwisho.

Yule mzee tulimpigia simu mwezi uliopita tukamsimulia habari za Yemen, za Java na za punje mbili za omukago. Alisikiliza yote, kisha akauliza mche utakuwa bei gani. Tukamwambia wa kwanza hamsini ni bure kwa kila kaya iliyojiandikisha. Akasema mikaratusi itabaki ile ya mpakani, mingine atakata.

Miche itagawiwa mvua za Machi, na robusta ikitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Anayetaka miche kwa ajili ya kibanja cha mama yake aandike jina la kaya na kitongoji kwenye fomu iliyo jalada la nyuma, na aikabidhi siku ya harambee yenyewe, kwa sababu kitalu kitaoteshwa kwa kufuata fomu zilizopokelewa na hakitakuwa na ziada.